Pampu ya kupimia presha ya rejeta: tathmini ya fundi wa Ipogolo

Nianze na kauli yangu ili mwenye haraka apate chake mapema. Kama wewe ni fundi wa magari madogo na bado huna pampu ya kupimia presha ya rejeta, inunue hata kabla ya ile mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kama wewe ni mwenye gari tu, huna haja ya kuiweka nyumbani, ila siku gari lako likichemsha muulize fundi kama anayo kabla hajaanza kukuambia habari za gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku.

Gereji yangu iko Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi Tunduma. Anayetoka Dar hupita Mikumi, hufika Ruaha Mbuyuni kwenye joto kali, halafu huanza kuupanda Mlima Kitonga. Pale gari hupanda kona baada ya kona kwa gia ndogo, mara nyingi nyuma ya malori yanayotambaa kwenda Zambia na Kongo. Injini inafanya kazi kubwa huku upepo unaoingia kwenye rejeta ni mdogo. Ugonjwa wowote wa mfumo wa kupoza, hata ule ambao kwenye lami tambarare ulikuwa haujionyeshi, hujitokeza pale. Lenye bahati hufika Ilula, linajazwa maji, linajikongoja hadi kwetu. Ndiyo sababu kazi za gari kuchemsha kwangu haziishi, na ndiyo sababu jambo hili naliandika kwa uchungu: nimeona injini nzima zikifunguliwa bure, na mbovu zikirudishwa barabarani na rejeta mpya, kwa kuwa hakuna aliyepima.

Kifaa chenyewe nilikinunua Kariakoo, upande wa Gerezani, kwa shilingi laki moja na themanini baada ya kuvutana sana na muuzaji. Ni seti ya Kichina isiyo na jina, inakuja kwenye boksi gumu la plastiki. Ndani kuna pampu ya mkono iliyo mfano wa pampu fupi ya baiskeli, yenye geji inayosoma psi na baa (vipimo vya presha), mpira wa kuunganishia, na adapta za kila aina. Zile za alumini ni za midomo ya rejeta za Kijapani, yaani mifuniko ya kukandamiza na kuzungusha. Zile za plastiki zenye uzi ni za matanki ya magari ya Ulaya kama Volkswagen na BMW. Kuna kipande cha kupimia mfuniko wenyewe, na kuna kifaa cha pili cha kujazia maji kwa kuvuta hewa, ambacho nitakisema baadaye kwa sababu kwangu kimekuwa nusu ya thamani ya boksi zima.

Kukitumia si kazi ngumu. Injini iwe baridi kabisa. Hilo si la kujadiliana. Mfuniko ukifunguliwa kwa moto, maji yaliyokuwa yamebanwa hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na nimewaona watu waliobabuka uso na kifua kwa sababu ya haraka ya dakika ishirini. Ukishapoa, unajaza maji hadi mdomoni, unafunga adapta, unapampu taratibu hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wa gari hilo, kisha unaacha. Magari mengi ya Toyota mifuniko yake imeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo 1.1 ni psi 15 na kitu, na 0.9 ni karibu psi 13. Usizidishe. Rejeta nyingi za siku hizi ni alumini katikati na plastiki juu na chini, zimeunganishwa kwa kukunjwa, na rejeta iliyozeeka ukiipampu hadi 25 utaipasua wewe mwenyewe halafu uanze kuitafuta hela ya kulipa. Unasubiri kama robo saa ukiutazama mshale. Ukikaa pale pale, mfumo umeziba vizuri ukiwa baridi. Ukishuka, maji yanatokea mahali, na kazi yako ni kupatafuta.

Huku kwetu juu, presha ni jambo zito kuliko pwani. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuriani hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Sasa angalia: themostati, ile valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, kwa Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na feni za umeme za magari mengi huwaka kuanzia nyuzi 93 hadi 98 hivi. Kama mfuniko umekufa na haushiki presha, maji yanaweza kuanza kuchemka kabla hata feni haijaamka! Fundi anaona gari linachemsha na feni imelala, anabadili swichi ya feni, anabadili rilei, mwisho anaunga waya feni izunguke moja kwa moja, na gari linaendelea kuchemsha. Mfuniko mzima wa 1.1 huliinua chemko la maji hapa Iringa hadi karibu nyuzi 120. Hiyo nafasi yote kati ya 95 na 120 ndiyo inayokupandisha Kitonga, na inalindwa na springi moja na mpira wa duara.

Ndiyo maana gari likiingia, kitu cha kwanza ninachopima ni mfuniko. Alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa nyanya kutoka Ilula na kirikuu chake, Suzuki Carry, matenga yakiwa yamepangwa hadi juu ya kichwa cha gari. Alikuwa anatembea na madumu mawili ya maji.

"Fundi, hili limenishinda. Nikifika kilimani linatapika maji kwenye kile kitungi, nikisimama linatulia. Nimeambiwa nishushe injini."

"Mama, nipe kwanza mfuniko wa rejeta."

"Mfuniko tu?"

Ulikuwa umeandikwa 0.9. Nikauosha, nikaulowesha, nikaufunga kwenye adapta, nikampa pampu aishike mwenyewe. Akapampu. Mshale ulifika psi 4, tukasikia hewa ikitoka fyuu, mshale ukarudi chini. Akapampu tena, ikawa vile vile. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka na kuchanika ukingoni, ufa mwembamba ambao kwa macho usingeuona mpaka uukunje kwa kidole. Nikafunga mwingine mpya wa namba ile ile: ukapanda hadi 13, ukatoa kidogo, ukatulia kwenye 12. Yule mama hakuhitaji maelezo. Mfuniko halisi ulimgharimu chini ya bei ya tenga moja la nyanya. Nikaupima na mfumo mzima ili nisimwachie nusu ya kazi, ukakaa bila kushuka, akaondoka. Bado anapita na mzigo wake na madumu yale sasa anabebea mafuta ya kula.

Neno moja kuhusu mifuniko kabla sijaendelea. Mingi inayouzwa barabarani ni ya bandia, na maandishi ya 1.1 hayamaanishi chochote. Tangu niwe na pampu hii, mfuniko mpya naupima kabla ya kuulipia, na wenye maduka ya spea hapa mjini wameshanizoea. Mwingine unafunguka kwenye 7, mwingine haufunguki kabisa hata kwenye 20, na huo wa pili ni wa hatari zaidi kwa sababu presha ikikosa pa kutokea hapo itapasua mpira au rejeta. Pia tazama mpira wa juu wa rejeta gari likishapoa. Ukiukuta umejinyonya na kubonyea, kile kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko, kinachoruhusu maji yarudi kutoka tanki la akiba, kimekwama.

Kazi iliyonifanya niipende seti hii kuliko zote ilikuwa ya Noah, ile ya zamani yenye injini chini ya viti vya mbele. Familia ilikuwa inatoka Morogoro kwenda Mbeya msibani. Walikuwa wamesimama kwenye gereji moja njiani baada ya gari kuchemsha, wakaambiwa gasketi ya hedi imekwenda na kazi ni laki sita. Hawakuwa na hela hiyo, wakajaza maji na kusogea kidogo kidogo hadi kwangu.

"Kaka, walipima na nini?" nikamuuliza dereva.

"Walifungua mfuniko injini ikiwa inaunguruma, wakaona mapovu. Wakasema mapovu maana yake gasketi."

Mapovu peke yake hayatoshi kuihukumu gasketi. Mfumo uliopungukiwa maji lazima utoe mapovu, maana hewa iliyoingia mahali pa maji inatafuta njia ya kutoka. Tukaliacha gari lipoe, watoto wakapewa chai kwa mama ntilie wa jirani, nikajaza maji, nikapampu hadi 15. Mshale ukawa unashuka polepole sana: baada ya kama dakika kumi ukafika 11. Chini ya injini pakavu. Mipira ya mbele mikavu. Kile kitundu cha chini ya wota pampu (ile inayozungusha maji kwenye injini), kinachodondosha maji sili ya ndani ikichoka, kikavu. Zulia la mbele kavu, kwa hiyo hita ya mbele haikuwa na shida. Nikachomoa plagi zote nne na kumulika ndani, hakuna maji.

Noah ile ina hita ya nyuma, na maji ya moto hupelekwa huko na mirija ya chuma inayopita chini ya sakafu. Nikatandika boksi, nikaingia chini na tochi nikianzia mbele kwenda nyuma. Karibu na tairi la nyuma la kushoto, kwenye mrija, palikuwa na alama nyekundu iliyokauka na kufanya ukoko, na chini yake tone moja linaning'inia. Nikamwambia kijana wangu apampu tena hadi 15. Tone likadondoka, likaja la pili, la tatu, halafu ukatokea mchirizi mwembamba kama uzi ukipiga kwenye chesisi. Kutu ilikuwa imeula mrija kutoka chini, pale ambapo tope hugandamana. Gari likiwa limesimama bila presha lilikuwa halivuji kabisa. Likipanda mlima presha ikipanda, lilikuwa linamwaga maji barabarani nyuma ya macho ya kila mtu.

Nilimwita yule dereva alale chini aone. Nikakata kipande kilichooza, nikaunga mpira wa kuhimili joto kwa klipu za chuma, nikapampu mara ya mwisho. Mshale ulikaa 15 muda wote tuliokuwa tunakunywa chai. Wakalipa hela ya kazi iliyofanyika, sehemu ndogo sana ya ile laki sita, wakawahi mazishi.

Nisieleweke vibaya, gasketi hufa kweli, na hapo pia pampu hii inasema ukweli. Mzee mmoja wa mbao kutoka Kilolo alileta Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L. Alishabadilishiwa rejeta, wota pampu, na themostati ilishatolewa na kutupwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Hili gari linanila."

Tulilipima asubuhi likiwa limelala kwangu usiku kucha. Likiwa limezimwa, presha ilikaa vizuri tu, haikushuka hata alama moja. Hapo ndipo fundi mwenye haraka angesema mfumo ni mzima. Lakini kuna kipimo cha pili. Unaishusha presha yote hadi sifuri, unaiacha pampu imefungwa pale pale, unawasha injini baridi na kuutazama mshale. Maji baridi hayana sababu ya kupandisha presha kwa haraka. Yanahitaji kwanza yapate moto. Mshale ukikimbia juu wakati mpira wa juu bado ni baridi mkononi, presha hiyo haitoki kwenye maji. Ni moshi wa ndani ya silinda unaopenya kwenye njia za maji.

"Mzee, tazama mshale. Mimi sigusi kitu."

Nikamwashia. Mshale ulianza kutetemeka kufuata mlio wa injini, ukapita 5, ukapita 10, na ulipokaribia 15 nikazima haraka na kuitoa presha. Haikufika dakika. Mzee akaushika mpira wa rejeta, akaukuta wa baridi kabisa, akakaa kimya kidogo.

"Basi ni hedi."

"Ni hedi au gasketi yake, mzee. Hapa kifaa hakitenganishi. Tukiifungua tutajua."

Tulipoifungua, gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na hedi yenyewe ilikuwa na ufa kati ya valvu, ugonjwa unaojulikana sana kwa injini hizi zikipata moto kupita kiasi. Hedi yenye ufa huo hata ukiiskimu, yaani kuisawazisha uso kwa mashine, haifai. Alinunua nyingine. Iliniuma kwa sababu ya ile rejeta na wota pampu alizokwisha kulipia. Zile hela zingetosha sehemu kubwa ya hedi.

Na kuhusu ile themostati iliyotupwa, nalisema hili kila siku. Hapa nchini imekuwa dawa ya kwanza: gari linachemsha, toa themostati. Themostati ukiishuku ichemshe. Nyuzi zake zimegongwa kwenye chuma chake, kwa mfano 82. Itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, uone inafunguka kwenye ngapi. Ikifunguka vizuri irudishe. Injini isiyo na themostati hukaa baridi kupita kiasi asubuhi za baridi kama za Mafinga, hula mafuta na kusagika. Na kwa injini ambazo sahani ya nyuma ya themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato, ukiitoa unaiacha njia hiyo wazi: maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita yote kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha mlimani. Mtu anafikiri amesaidia.

Sasa mapungufu ya seti, maana ninaitathmini, sikuitengeneza mimi.

Kwanza, haipimi kila kitu, na hili mnunuzi alijue. Rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa itashika presha vizuri kabisa. Feni iliyochoka, mkanda unaoteleza, wota pampu iliyolika mapanga yake ndani, mapezi ya rejeta yaliyojaa vumbi na wadudu, vyote hivyo vitapita kipimo hiki bila doa. Kwa rejeta ninatumia kipimajoto cha bunduki: injini ikiwa imepata moto na feni inazunguka, unaimulika rejeta kutoka upande maji yanapoingia kwenda upande yanapotokea. Joto lishuke taratibu. Ukikuta doa la baridi katikati ya eneo la moto, maji hapo hayapiti. Kijana wangu aliwahi kuniletea kile cha kupimia homa kutoka duka la dawa. Hakifai, kinaishia kwenye nyuzi 40 na kidogo. Tafuta cha viwandani. Vilevile kuna nyufa zinazofunguka injini ikiwa ya moto tu. Kipimo cha baridi kikikaa vizuri na gari bado linapoteza maji, usimwambie mteja hakuna tatizo.

Pili, haina adapta ya malori makubwa. Kwa gereji iliyo kando ya barabara hii ni pengo kubwa. Mdomo wa tanki la maji la malori yanayopita hapa haukupata mwenzake kwenye boksi langu, nikalazimika kwenda kwa mchonga vyuma anichongee. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba inaingia kila gari.

Tatu, mipira ya sili ya adapta ni ya hali ya chini. Baada ya mwaka na kitu ilianza kukakamaa, na sili ikivuja mshale unashuka ukadhani ni gari. Kwa hiyo kabla ya kulishuku gari la mtu ninaipima pampu yenyewe: nafunga adapta ya kupimia mifuniko pamoja na mfuniko ninaojua ni mzima, napampu hadi 10, nakaa. Ikishuka, tatizo ni langu. Sehemu ya kuunganisha mpira na pampu nayo hulegea. Tepu ya mabomba imenisaidia. Geji niliilinganisha na ile nzuri ya kupimia upepo wa tairi, inasoma juu kidogo, kama psi moja. Kwa kazi hii haina madhara, lakini ijue yako.

Adapta moja ya plastiki ilipasuka uzi mapema. Maelezo ya matumizi ni karatasi yenye herufi ndogo za Kiingereza kibovu ambayo haimsaidii mtu.

Halafu kile kifaa cha kuvuta hewa, ambacho karibu nisingekigusa. Kinahitaji kompresa. Unakifunga kwenye mdomo wa rejeta tupu, unakiunganisha na upepo wa kompresa, kinanyonya hewa yote iliyomo mpaka mipira inajikunja, unafunga koki, unasubiri uone kama mvuto unakaa, halafu unafungua koki ya upande wa kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na mfumo unajinywesha wenyewe. Kwa gari kama ile Noah yenye mirija mirefu hadi nyuma, kutoa hewa kwa njia ya kawaida ni kazi ya nusu siku: kuinua pua ya gari, kuwasha hita, kukamua mipira, kuongeza maji, kurudia. Hewa ikibaki kwenye hedi, sensa inasoma mvuke badala ya maji na gari linachemsha siku ya pili, mteja anarudi na hasira. Kwa kifaa hiki kazi inakwisha muda wa kula chapati. Na ukijaza, jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya mtoni ya njiani ni ya kukuokoa ufike, ukishafika yamwage. Ile kutu niliyoikuta kwenye mirija ya watu inatoka pia ndani, kwenye maji matupu ya miaka.

Kuna suala la malipo. Ninatoza elfu kumi kwa kipimo. Mwanzoni wateja walinuna: kulipa bila kitu kutengenezwa? Niliweka utaratibu kwamba ukitengeneza kwangu, elfu kumi hiyo inaingia kwenye ufundi, na ukitaka kwenda kwa fundi mwingine unaondoka na majibu yako. Lakini mteja lazima asimame autazame mshale mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyebishana nami kuhusu hedi.

Ukienda kununua, usichukue boksi bila kulifungua. Beba mfuniko mzima wa gari lako, waambie wakufungie dukani, upampu hadi 10 na uuangalie mshale kwa muda wa kuongea bei. Hesabu adapta na uone zile za mdomo mpana na mdomo mwembamba wa Kijapani zote zipo, maana Suzuki na Toyota nyingi hazilingani. Omba sili za ziada. Wanazo chini ya meza. Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakapoweka adapta ya lori.